Mkaguzi wa nyumba, ripoti mbaya na muuzaji aliyekosa mteja: uchambuzi wa kisa kimoja cha Dodoma

Muuzaji katika kisa hiki ni mtumishi mstaafu mwenye nyumba ya vyumba vinne katika mtaa mmoja wa bondeni, upande wa mashariki wa Jiji la Dodoma. Mnunuzi ni mtumishi wa umma aliyehamishiwa Dodoma kikazi na kuchoka kupanga. Walikubaliana bei ya shilingi 138,000,000, mnunuzi akatanguliza shilingi 20,000,000, na katika mkataba wao mfupi wakaweka sharti kwamba mauziano yatakamilika endapo mnunuzi ataridhika na ukaguzi utakaofanywa na mtaalamu atakayemtafuta na kumlipa yeye mwenyewe. Mtaalamu huyo, mhandisi wa ujenzi aliyesajiliwa, alilipwa shilingi 450,000, akakagua, akaandika ripoti, na mnunuzi alipoisoma akajitoa. Haukupita muda mrefu wakili wa muuzaji akamwandikia barua ya madai mhandisi, wala si mnunuzi, akimtaka alipe thamani yote ya mauzo yaliyopotea pamoja na fidia ya kuchafuliwa jina, vinginevyo ashtakiwe. Mhandisi alikuja kwangu kutaka ushauri, na swali lake lilikuwa fupi: je, mtu anaweza kushtakiwa kwa kuandika alichokiona?

Jibu la swali hilo lina uzito mkubwa katika mji huu kuliko inavyodhaniwa. Tangu mwaka 1973, makao makuu yalipoamuliwa kuhamia hapa, hadi Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilipovunjwa mwaka 2017 na Dodoma kutangazwa kuwa Jiji mwaka 2018, ujenzi umeongezeka kwa kasi ambayo wenyeji hawakuizoea, na nyumba nyingi sasa hubadili mikono kati ya watu wasiofahamiana kabisa. Zamani mnunuzi wa Kikuyu au Chang'ombe alimjua fundi aliyejenga, na pengine alipita pale msingi ulipokuwa unachimbwa. Leo mnunuzi anaoneshwa rangi mpya na dalali, anaombwa atangulize fedha kabla mwenzake hajawahi, na macho pekee ya kitaalamu anayoweza kuyategemea ni yale anayoyalipia. Macho hayo yakianza kuogopa barua za mawakili, mnunuzi anabaki peke yake.

Kwetu hakuna bodi inayowasajili watu kwa jina la wakaguzi wa nyumba. Kazi hiyo hufanywa na wahandisi wanaosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi chini ya Sheria ya mwaka 1997, na wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wenye bodi yao chini ya Sheria ya mwaka 2010. Mthamini naye, ambaye sheria yake ni ya mwaka 2016, huingia nyumbani kwa lengo jingine, yaani kusema nyumba ina thamani gani, si kusema kama msingi wake ni mzima. Kwa hiyo dhima ya mkaguzi haisomwi katika sheria moja yenye jina lake. Inapatikana katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na katika kanuni za madai ya madhara, yaani madai ya mtu aliyedhuriwa hata kama hana mkataba na aliyemdhuru, ambazo tumezirithi kutoka Uingereza kwa njia ya Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inayozichukua kanuni za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za Uingereza zilizotolewa baada ya hapo haziwafungi majaji wetu, ila mara nyingi huwashawishi, na katika eneo hili wakili hawezi kuzikwepa.

Kabla ya sheria, ni vyema kuitazama ripoti yenyewe, kwa sababu mengi yanategemea kilichoandikwa na namna kilivyoandikwa. Ukaguzi ulifanyika mwezi Oktoba, wakati ardhi ya Dodoma imekauka kabisa. Mvua zetu hunyesha msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na katika maeneo yenye udongo mweusi wa mbuga ardhi hunywa maji na kuvimba, kisha husinyaa na kupasuka kwa miezi mingi ya kiangazi. Mhandisi alieleza kwamba katika kona ya nyuma ya nyumba kulikuwa na ufa ulioanzia kwenye pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari hadi kwenye lenta, mwembamba chini na mpana juu, uliojazwa puti na kupakwa rangi ambayo ilikuwa mpya kuliko rangi ya kuta nyingine. Puti yenyewe ilikuwa imeanza kuachana na plasta upande mmoja. Aliweka rula kwenye ufa akapiga picha. Akaandika kwamba mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umerandwa sehemu ya juu ili ufungike, na kwamba kibaraza cha zege kilikuwa kimeachana na ukuta. Kisha akachimba shimo kando ya msingi, karibu mita moja kwenda chini, akakuta udongo mweusi ulioganda kwa mabonge magumu, na msingi uliokomea ndani ya udongo huohuo bila kufika kwenye tabaka gumu.

Hitimisho lake lilikuwa kwamba sababu inayoelekea zaidi ya nyufa ni kuvimba na kusinyaa kwa udongo, kwamba mtetemo wa ardhi nao hauwezi kuondolewa moja kwa moja katika orodha ya sababu kwa kuwa Dodoma iko katika ukanda wa Bonde la Ufa, na kwamba mnunuzi asilipe bei iliyotajwa kabla ya udongo kupimwa maabara na gharama za kuimarisha msingi kujulikana. Nimeisoma ripoti hiyo zaidi ya mara moja. Kama kazi ya kitaalamu ni kazi nzuri: inatenganisha kilichoonekana na kinachokisiwa, na inataja ambacho hakikupimwa. Ina sentensi moja tu mbaya, ukurasa wa mwisho, isemayo kwamba mwenye nyumba alificha nyufa kwa makusudi ili kumdanganya mnunuzi. Nitairudia sentensi hiyo.

Dai kubwa la muuzaji lilikuwa uzembe. Wakili wake alieleza kwamba mhandisi alijua, au alipaswa kujua, kuwa ripoti yake ingemgusa muuzaji moja kwa moja, hivyo alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, na kwamba kutoa hitimisho bila vipimo vya maabara kulivunja wajibu huo. Hoja hii ina sura ya haki, na inahitaji kujibiwa kwa makini. Msingi wa dhima ya ushauri wa kizembe ni hukumu ya Hedley Byrne ya mwaka 1963, ambayo humlinda mtu aliyeutegemea ushauri wa mwenye ujuzi, naye mshauri akijua kwamba anategemewa. Hukumu ya Smith v Eric S Bush ya mwaka 1989 iliusogeza mpaka huo mbele kidogo: mpimaji wa nyumba aliyeajiriwa na mkopeshaji alionekana kuwa na wajibu kwa mnunuzi pia, kwa sababu mnunuzi wa nyumba ya kawaida huitegemea taarifa ile hata kama hakumwajiri mpimaji. Lakini katika mashauri hayo yote aliyelindwa ni yule aliyeutegemea ushauri na kutenda kwa kuuamini. Muuzaji wetu hakuitegemea ripoti hata kidogo. Aliipinga tangu alipoiona, na hasara anayoilalamikia imetokana na mtu mwingine kuiamini.

Lipo shauri moja ambalo wakili wa muuzaji angeweza kulitumia vizuri zaidi ya alivyofanya, nalo ni Spring v Guardian Assurance la mwaka 1994. Humo mwajiri aliyetoa taarifa mbaya na ya kizembe kuhusu mfanyakazi wake wa zamani alionekana kuwa na wajibu wa uangalifu kwa mfanyakazi huyo, ingawa taarifa haikuandikwa kwa ajili yake. Ukilisoma kwa haraka utadhani linafungua mlango kwa kila mtu anayesemwa vibaya katika taarifa ya kitaalamu. Mimi silisomi hivyo. Mfanyakazi yule alikuwa na uhusiano wa ajira na mtoa taarifa, na maisha yake ya kazi yalitegemea neno la mtu huyo mmoja ambalo hakuwa na namna ya kulikwepa. Muuzaji wa nyumba yuko mbali na hali hiyo, kwa kuwa anaweza kuleta mkaguzi wake, kutafuta mnunuzi mwingine, au kujibu ripoti kwa vipimo. Zaidi ya hayo, mkaguzi ameajiriwa na upande ambao maslahi yake yanapingana na ya muuzaji. Kumbebesha wajibu wa kisheria kwa pande zote mbili ni kumwambia kwamba kila anapoona ufa afikirie kwanza ni nani atakayeumia, na kigezo cha tatu cha hukumu ya Caparo ya mwaka 1990, kinachouliza kama ni haki na busara kuweka wajibu, kinajibiwa hapo hapo.

Kuna na suala la hasara yenyewe. Barua ilidai shilingi 138,000,000 kana kwamba nyumba imeteketea. Nyumba bado ipo na bado ni yake. Hata angeshinda, kipimo kingekuwa tofauti kati ya bei aliyoikosa na bei halisi ya nyumba hiyo ikiwa katika hali yake ya kweli, na kama kweli msingi una hitilafu, tofauti hiyo haikuletwa na ripoti, ililetwa na msingi.

Dai la kumshawishi mnunuzi avunje mkataba halikunichukua muda. Kosa hilo linajulikana tangu Lumley v Gye la mwaka 1853, pale mwenye ukumbi mmoja alipomrubuni mwimbaji aliyekuwa amefungwa na mkataba wa ukumbi mwingine. Linahitaji mkataba uwe umevunjwa. Mnunuzi wetu hakuvunja chochote, alitumia sharti ambalo muuzaji mwenyewe alilitia saini. Dai la uongo wenye nia mbaya nalo linaanguka, kwa kuwa mhandisi hakuwa na kisa na muuzaji, hakuwahi kumjua kabla ya siku ile, na hakupata faida yoyote kwa mauziano kukwama.

Kufikia hapa mhandisi alikuwa ameanza kupumua. Ndipo nilipomwomba anioneshe simu yake, kwa sababu aya moja ya barua ya madai ilinukuu maneno ambayo hayamo katika ripoti.

Ilivyokuwa ni hivi. Jioni ile alipomtumia mnunuzi ripoti, dalali aliyewakutanisha alimwandikia: "Injinia, nirushie na mimi hiyo ripoti, nina wateja wengine nataka kuwapeleka pale." Mhandisi akaituma, na chini yake akaandika: "Ile ni kimeo, mwenye nyumba kapiga puti aingize watu mjini. Usiisambaze." Dalali akaisambaza kwenye kundi la madalali wenzake, ujumbe ukiwa umeambatana na ripoti, na kabla ya wiki kwisha muuzaji alikuwa ameshatumiwa na jirani yake.

Hapa ndipo dai la muuzaji linapopata miguu. Kashfa haiulizi kama mkaguzi ni mtaalamu mzuri. Inauliza kama ametamka kwa mtu wa tatu jambo linalomshushia mtu heshima, na kama ana utetezi. Kusema kwamba ukuta una ufa si kumkashifu mwenye ukuta. Kusema kwamba mwenye ukuta ni tapeli ni kumkashifu, na anayesema hivyo ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha ukweli wake. Mhandisi alithibitisha puti. Nia hakuithibitisha, wala hangeweza kuithibitisha kwa rula na picha. Muuzaji alikuwa na maelezo yanayoaminika: alimwita fundi rangi aipendezeshe nyumba kabla ya kuiuza, na fundi rangi yeyote hujaza nyufa kabla ya kupaka, hata asipoambiwa. Inawezekana kabisa kwamba mzee alijua zaidi ya anavyosema, ila hilo ni jambo la kuhojiwa kwa ushahidi, na ukaguzi wa nyumba haumhoji mtu.

Utetezi wa mhandisi kwa sentensi iliyomo ndani ya ripoti ni kinga yenye masharti, ambayo humlinda mtu anayesema kwa nia njema jambo analopaswa kumwambia mwenye haki ya kulisikia. Mnunuzi alimlipa amweleze kila kitu kuhusu nyumba ile, kwa hiyo hata sentensi ile mbaya, ikibaki baina yao wawili, ina kinga ya kutosha mradi haikuandikwa kwa chuki. Kwa dalali hali ni tofauti, na mfano unaonisaidia zaidi ni wa zamani sana, Toogood v Spyring wa mwaka 1834. Mpangaji alimtuhumu seremala aliyetumwa kufanya matengenezo kwamba amevunja stoo na kulewa. Alipomweleza msimamizi wa mwenye mali, alilindwa, kwa sababu msimamizi alihusika. Aliposema mbele ya seremala mwenyewe huku mtu mwingine akisikia, bado alilindwa. Lakini alipomrudia mtu huyo mwingine akiwa peke yake na kumrudishia tuhuma ileile, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuambiwa, kinga ilikoma. Maneno ni yaleyale, msemaji ni yuleyule, na kilichobadilika ni sikio tu. Dalali wetu alikuwa na maslahi ya kamisheni, si ya kujua kama mwenye nyumba ni mwaminifu. Hakumwajiri mhandisi, na wateja wengine aliowataja hawakuwa wameulizia lolote.

Mhandisi alijitetea kwamba aliandika "usiisambaze". Nilimwambia kwamba neno hilo linamdhuru zaidi ya kumsaidia, kwa sababu linaonesha alitambua kuwa kusambazwa kunawezekana. Katika Speight v Gosnay la mwaka 1891 mahakama ilieleza ni wakati gani msemaji wa kwanza anawajibika kwa maneno yake kurudiwa na mwingine, na mojawapo ya nyakati hizo ni pale kurudiwa huko kunapokuwa tokeo la kawaida la alichokifanya. Ripoti ikiingia kwenye simu ya dalali anayetamka waziwazi kwamba ana wateja, kusambaa kwake si ajali. Na kwa kuwa dai la kashfa ni la madhara, Sheria ya Ukomo humpa muuzaji miaka 3 ya kulifungua, kwa hiyo kukaa kimya na kungoja hasira ipoe hakukuwa mkakati.

Dai la mwisho lilikuwa dogo kwa fedha, nalo lilikuwa la haki. Muuzaji aliacha funguo kwa jirani ili mkaguzi aingie na kutazama. Hakuna aliyemwomba ruhusa ya kuchimba. Shimo lile liliachwa wazi, kipande cha kibaraza kikabomoka, na maji ya kufulia yakawa yanajikusanya hapo, kando ya msingi uleule ambao ripoti ilikuwa inasema hautakiwi kulowa. Ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kufanya lolote ndani, na anayevuka kiwango cha ruhusa aliyopewa ni mvamizi kwa kadiri alivyovuka. Wakaguzi wengi ninaowafahamu hulichukulia jambo hili kuwa la kiufundi tu. Mwenye nyumba halichukulii hivyo, na sheria iko upande wake.

Katika mazungumzo, wakili wa muuzaji alipendekeza njia ya mkato: mhandisi aandike ripoti mpya isiyotaja msingi, na mteja wake angesamehe yote. Nilikataa kabla mhandisi hajafungua kinywa. Mkataba wake ulikuwa na mnunuzi, na mnunuzi alinunua maoni ya kweli. Ripoti iliyolainishwa ili kumridhisha mtu wa tatu ingemweka mhandisi katika uvunjaji wa mkataba, ambao dai lake huishi miaka 6, na ingemweka mbele ya Bodi akiwa amegongea mhuri wake jambo asiloliamini. Isitoshe, nyumba ile ingeuzwa kwa mtu mwingine kwa nguvu ya karatasi hiyo, na Smith v Eric S Bush inaonesha mtu huyo angemgeukia nani.

Tulichokubali ni kingine. Sentensi inayohusu nia ya mwenye nyumba ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na maelezo ya kilichoonekana: nyufa zimejazwa puti na kupakwa rangi hivi karibuni. Matokeo ya ukaguzi hayakuguswa. Mhandisi alimwandikia dalali, na kupitia kwake kundi zima, kwamba maneno yake kuhusu muuzaji hayakuwa na msingi na anayaondoa, kisha akamwomba radhi mzee kwa barua. Alilipia fundi wa kufukia shimo, kushindilia na kukirudisha kibaraza. Muuzaji naye aliajiri mhandisi wake mwenyewe, aliyechukua sampuli za udongo kwenda maabara. Majibu yalithibitisha kwamba udongo huvimba, ingawa wahandisi hao wawili walitofautiana kuhusu ukubwa wa ukarabati unaohitajika, na tofauti ya namna hiyo kati ya wataalamu ni ya kawaida na haimfanyi mmoja wao kuwa mzembe. Fedha ya utangulizi ilirejeshwa kwa awamu mbili, kwa kuwa sharti la mkataba halikutimia na muuzaji hakuwa na msingi wa kuishikilia.

Lililobaki ni la muuzaji peke yake, na wakili wake alifanya vyema kumweleza mapema. Kabla ya Oktoba angeweza kusema hakujua chanzo cha nyufa. Sasa anajua, kwa ripoti mbili, moja ikiwa ameilipia mwenyewe. Sheria ya Mikataba huhesabu kuwa ni udanganyifu kitendo cha mtu kuficha jambo analolijua ili mwenzake aingie katika mkataba, na mkataba uliopatikana hivyo unaweza kubatilishwa na aliyedanganywa. Ukimya mtupu una utetezi wake, pale ambapo mnunuzi angeweza kugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, lakini kuita tena fundi rangi ajaze ufa uleule si ukimya. Nyumba imerudi sokoni kwa bei ya chini, na katika rasimu ya mkataba niliyooneshwa na upande wa pili, majibu ya maabara yameambatishwa kama kiambatisho cha kwanza.